Choa, majipu na mkeka mmoja: shajara ya mradi wa mieleka, Mbeya

Wiki ya 1: kukagua

Mradi ni wa kupunguza magonjwa ya ngozi kwa vijana wa mieleka. Mkeka ni mmoja, mita 6 kwa 6, umelazwa juu ya sakafu ya saruji. Ndani ni maranda ya msonobari, juu ni turubai la PVC la malori lililoshonwa kwa vipande vitatu. Mkeka wa mashindano ya kimataifa ni mkubwa zaidi, duara lake peke yake lina kipenyo cha mita 9, lakini ukubwa si tatizo letu. Tatizo ni mishono. Miwili imefumuka, na ukiikandamiza kwa kiganja unakuta unyevu na harufu ya uvundo.

Ngozi zilikaguliwa siku moja, za wote, makocha wakiwemo. Kwa macho tu yalipatikana makundi manne: choa cha mikononi na shingoni (vijana wengi hukiita mashilingi), fangasi za vidole vya miguu, majipu pamoja na vidonda vyenye ukoko wa rangi ya asali, na mapunye kichwani kwa mdogo kuliko wote. Upele ule wa kuwasha usiku haukuonekana, malengelenge pia hayakuonekana.

Vitu vinavyogusa ngozi za watu zaidi ya mmoja: mkeka, taulo mbili za ukumbi, mche mmoja wa sabuni bombani, kopo la mafuta ya mgando, kofia za kukinga masikio, jezi za akiba, mashine ya kunyolea. Bajeti ya mwanzo imeweka karibu fedha zote kwenye kusafisha mkeka.

Wiki ya 2: Jik

Kipimo kilichokuwa kikitumika ni "kifuniko kimoja kwa ndoo." Kifuniko kinabeba kama mililita 10, ndoo ni ya lita 20, na Jik yenyewe ina klorini asilimia 3.5. Ukipiga hesabu unapata mchanganyiko wa asilimia 0.00175, wakati lengo ni 0.1. Pungufu karibu mara 57. Harufu ilikuwa ikisikika ukumbi mzima, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Kipimo kipya: mililita 200 za Jik, kisha maji mpaka jumla ifike lita 7. Chupa ya maji ya nusu lita imechorwa mstari wa mililita 200 kwa kalamu ya wino usiofutika, na ndoo imechorwa mstari wa lita 7. Mkeka wa mita za mraba 36 unakunywa kama lita 5 na nusu (mililita 150 kwa kila mita ya mraba). Inayobaki inafuta kofia za masikio na vitasa vya milango. Ukikuta chupa yenye nguvu tofauti, gawa nguvu ya chupa kwa nguvu unayoitaka, toa moja, na jibu ndilo idadi ya sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Kwa Jik yetu: 3.5 kwa 0.1 ni 35, toa moja, sehemu 34 za maji. Pakiwa na damu, nguvu ni 0.5, yaani sehemu moja kwa sita, baada ya damu yenyewe kuondolewa kwa kitambaa na glavu.

Utaratibu wa kila jioni, baada ya mazoezi:

Fagia kwanza. Deki kwa maji ya sabuni, kisha suuza. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ukiiruka klorini inaisha nguvu kwa kupambana na jasho na vumbi kabla ya kukutana na kijidudu chochote. Halafu pitisha Jik kwa dekio la pili, ukirudi nyuma ili usikanyage ulipopitisha. Mkeka ubaki umelowa dakika 10. Ukikauka kabla, dawa ilikuwa kidogo. Mwisho deki kwa maji matupu na uvute maji kwa skwiza. Klorini iliyobaki juu ya turubai huwasha macho na kuchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa bakteria, kwa hiyo asiyesuuza anajitengenezea tatizo lilelile analolikimbia.

Makosa yaliyoonekana wiki hii: mchanganyiko ulitengenezwa asubuhi ukawekwa dirishani ndani ya ndoo isiyo na mfuniko, mpaka jioni jua limeshaula. Mara nyingine ulichanganywa na maji ya moto, ambayo huvunja klorini haraka. Na kwenye rafu ileile ya Jik palikuwa na dawa ya kusafishia choo yenye asidi. Vikikutana hivyo viwili hutoka gesi ya klorini. Dawa ya choo imehamishiwa chooni na haitarudi.

Dekio la mkeka lina mpini uliopakwa rangi nyekundu. La chooni halina rangi.

Wiki ya 3: mishono

Fundi wa maturubai ameshona upya kwa uzi wa nailoni na kuziba kila mshono kwa kipande cha PVC cha sentimita 8 na gundi ya PVC. Maranda yaliyolowa yametolewa yote na kuchomwa, yakawekwa makavu. Hakuna dawa inayofika ndani ya maranda. Kiraka cha kwanza kilibanduka siku ya pili kwa sababu turubai lilikuwa na mafuta ya mwilini. Kabla ya gundi lazima lifutwe kwa spiriti, likwanguliwe kidogo kwa msasa, ndipo lishike.

Wiki ya 4: ukaguzi wa ngozi

Wiki tatu za Jik sahihi, na choa kipya kimeonekana kwa vijana wawili, wote upande wa ndani wa mkono na shavuni. Sehemu hizo haziugusi mkeka mara nyingi. Zinagusa mwili wa mwenzako kila mnaposhikana. Mkeka usioshwe? La hasha, chembe za fangasi huishi juu ya vitu kwa miezi. Ila njia kuu ya maambukizi kwenye mieleka ni ngozi kwa ngozi, na bajeti yetu ilikuwa imeegemea upande mwingine. Fedha za miezi miwili ijayo zinahamishiwa kwenye ukaguzi, maji ya kuoga na matibabu.

Ukaguzi unafanywa kila siku kabla ya mazoezi, mlangoni, na watu wawili waliofundishwa. Wavulana kwa mkaguzi wa kiume, wasichana kwa wa kike, nyuma ya pazia la kitenge. Kila mtu huchukua kama dakika moja na nusu. Mpangilio ni uleule siku zote ili kitu kisirukwe: mstari wa nywele na nyuma ya masikio, uso, kope, midomo, shingo pande zote, mikono mpaka kati ya vidole, kwapa, kifua, mgongo, mstari wa bukta, nyuma ya magoti, kati ya vidole vya miguu. Kucha ndefu zinakatwa hapohapo. Kucha hukwaruza, na mkwaruzo ndio unaowapa nafasi staffilokoka, bakteria wa majipu.

Jambo moja linahitaji kusemwa wazi kwa sababu mabango mengi yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Yanasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani; choa huja kama duara la kahawia iliyokoza au la kijivu, lenye ukingo ulioinuka na magamba madogo, katikati pakiwa na nafuu. Njia inayofanya kazi ni tochi ya simu kuishika kwa ubavu, karibu na ngozi, si kummulika mtu usoni. Mwanga wa ubavuni hutoa kivuli cha ukingo na magamba yanang'aa. Kisha pitisha kidole chenye glavu. Jipu linalochipua utalisikia kwa joto na ugumu kabla hujaliona.

Vinavyotuchanganya: ukurutu wa kiwiko (uko pande zote mbili, hauna ukingo), makovu meusi ya vipele vya zamani, na vipele vidogo vigumu vinavyong'aa, vyenye kishimo katikati kama kitovu. Hivi vya mwisho si chunjua za kawaida, ni vya kirusi kingine, na vinaambukiza. Mkaguzi haandiki jina la ugonjwa. Anaandika mahali, ukubwa kwa milimita, na kama kuna majimaji. Jina ni kazi ya tabibu.

Wiki ya 5: muda wa kukaa nje

Tumechukua vipimo vya muda vya NFHS, shirikisho la michezo ya shule za sekondari Marekani, kwa sababu viko wazi na mieleka ya shule kule ni kubwa. Hivi ndivyo vilivyobandikwa mlangoni:

Choa cha mwilini: saa 72 za dawa ya kupaka au ya kumeza kabla ya kurudi. Mapunye: siku 14 za dawa ya kumeza. Majipu na vidonda vya bakteria: angalau siku 3 za antibayotiki ya kumeza, hakuna kidonda kipya kwa saa 48 zilizopita, na vyote viwe vimekauka bila majimaji. Upele: saa 24 baada ya matibabu sahihi. Malengelenge ya kirusi cha herpesi, ya mara ya kwanza: siku 10, na 14 kama kuna homa au tezi zimevimba, yakijirudia, siku 5 kamili za dawa ya kuzuia virusi.

Kufunika kidonda kinachoambukiza kwa plasta hakumrudishi mtu mkekani. Plasta hubanduka kwa jasho kabla raundi haijaisha, na tumeiokota mkekani mara tatu wiki hii.

Kilichoharibika: kijana mmoja alikuja na mikono mirefu, akasema anasikia baridi. Chini yake kulikuwa na choa cha milimita 40 kilichopakwa krimu ya dukani ya mchanganyiko, dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya tyubu moja. Steroidi hutuliza mwasho na kufuta magamba, mgonjwa anaona kapona, huku fangasi wakitanuka bila kizuizi na ukingo wao umepotea, hata tabibu akapata shida kukitambua. Iliandikwa klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, ipakwe mpaka sentimita 2 nje ya ukingo, na iendelee wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Saa 72 ni ruhusa ya kurudi mkekani tu, dozi haijaisha. Wengi wanachanganya hayo mawili.

Kwa nini alificha? Kwa sababu kukaa nje kulimaanisha kurudi nyumbani. Kuanzia sasa aliyezuiwa anakuja kama kawaida: kamba, kukimbia kilima, dami ya gunia (mtu wa bandia wa kufanyia mazoezi) ambayo ni yake peke yake hadi apone, na kuhesabu pointi. Jina lake kwenye orodha ya timu haliguswi. Kabla ya hapo ukaguzi wetu ulikuwa unawafundisha watu kuvaa mikono mirefu.

Wiki ya 7: maji ya moto

Juni imeingia, na kipupwe cha Mbeya hakibembelezi mtu. Kuoga mara baada ya mazoezi ndiyo kinga ya bei ndogo kuliko zote, lakini maji ya bomba saa kumi na mbili jioni ni ya nyuzi 15 hivi, na hakuna bango litakalomfanya kijana ajimwagie. Walikuwa wanavaa koti juu ya jasho na kupanda daladala. Wa Uyole hufika kwao usiku, na kuoga kunasubiri asubuhi.

Suluhisho ni jiko la pumba za mpunga, zinazopatikana kwenye mashine za kukoboa, na sufuria ya lita 30. Hesabu: kwa mwinuko wa hapa, kama mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Lita 3 zilizochemka na lita 7 za bomba hutoa lita 10 za nyuzi 38 au 39. Sufuria moja inaogesha watu 10. Maji baridi yatangulie ndani ya ndoo, ya moto yafuate. Kinyume chake mtu ataungua. Jiko linawashwa dakika 50 kabla ya mazoezi kuisha, liko nje, upande ambao moshi hauingii ukumbini.

Mche wa sabuni umekatwa kwa waya vipande vya gramu 40 hivi, kila mtu na chake ndani ya kikopo kilichotobolewa chini ili kikauke. Mche mmoja unaokaa kwenye maji bombani ni bwawa. Bomba la kunawia mikono mlangoni limeongezewa kibuyu chirizi, kwa sababu bomba lenyewe hukatika.

Nguo: jezi haivaliwi mara mbili bila kufuliwa. Masika zilikuwa haziwezi kukauka, sasa jua lipo lakini baridi inachelewesha, kwa hiyo kila mmoja anahitaji jezi mbili. Pasi ya mkaa inapitishwa kwenye mishono na ukanda, kwa ndani. Mfuko wa plastiki wa kubebea nguo mbichi ulikufa na katazo la Juni 2019, na kwa jambo hili tu hatuulilii, maana nguo yenye jasho iliyofungwa ndani ya rambo usiku kucha ilikuwa kitalu cha fangasi.

Wiki ya 8: mafuta ya mgando

Kopo. Baada ya kuoga ngozi inapauka, na bila mafuta inapasuka, kwa hiyo mafuta ni lazima. Lakini vidole kumi na tano vilikuwa vinachovya kopo moja, kikiwemo kilichotoka kupaka choa. Kopo limeondolewa. Kila mtu ana kikopo chake. Asiyenacho anapakuliwa kwa kijiko safi kwenye kiganja. Mafuta ni baada ya mazoezi. Kabla ya pambano mwili wenye mafuta hauruhusiwi na kanuni za mchezo.

Kandambili: mtu anatoka mkekani, anavaa kandambili hapohapo ukingoni. Viatu vya mieleka haviendi chooni. Ubao wa kuwekea kandambili umepigiliwa pembeni, na huo ubao umesaidia kuliko maneno yote.

Wiki ya 9: mapunye na mashine ya kunyolea

Kijana wa mapunye alikuwa amepakwa krimu kwa mwezi. Haikuweza kusaidia, fangasi wapo ndani ya unywele wenyewe na krimu haifiki. Amepewa griseofulvini ya kumeza, kwa wiki 6 hadi 8, aile pamoja na chakula chenye mafuta (parachichi hapa si tabu) ili dawa inyonywe vizuri. Wadogo zake wawili wamekaguliwa, mmoja anayo.

Mashine ya kunyolea ya ukumbi imesimamishwa. Kupuliza spiriti juu ya meno yenye nywele hakutoshi. Inatakiwa kufungua meno, kupiga mswaki nywele zote, kuyaloweka kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10, kukausha, kutia mafuta ya mashine. Atakayekubali kufanya hivyo kati ya kichwa na kichwa apewe mashine. Hajapatikana.

Wiki ya 10: malengelenge

Jumanne mkaguzi alizuia mmoja mwenye vilengelenge vidogo vya majimaji vilivyosongamana shavuni, maumivu, na tezi ya shingo iliyovimba. Nyumbani wameita mkanda wa jeshi. Tabibu amesema hapana: ni kirusi cha herpesi aina ya kwanza, kilekile kinacholeta vidonda vya mdomo baada ya homa, na kwa wanamieleka hupenda uso, shingo na kichwa kwa sababu ndiko wanakokamatana.

Hili si la kungojea. Mwaka 1989 kwenye kambi moja ya mieleka huko Minnesota, Marekani, wanamieleka 60 kati ya 175 waliupata. Mwaka 2007 jimbo hilohilo lilisimamisha mieleka ya shule kwa siku 8 kuukata.

Kilichofanyika siku hiyo: yeye nje siku 14, asiklovia, dawa ya kuzuia virusi, ndani ya siku ya kwanza. Daftari la mazoezi likafunguliwa kuona aliyeshikana naye siku tatu zilizotangulia, walikuwa wanne. Hao hawashikani na mtu kwa siku 8, na wanakaguliwa kila siku, kwa kuwa dalili nyingi hutokeza ndani ya muda huo. Bila daftari la nani kapigana na nani tungelazimika kufunga ukumbi mzima. Kipele chochote karibu na jicho ni hospitali siku hiyohiyo, kirusi hiki kinaweza kuacha kovu kwenye kioo cha mbele cha jicho.

Mmoja kati ya hao wanne ametoa vipele siku ya 6. Watatu safi mpaka siku ya 8.

Wiki ya 12: hali ilivyo na yanayobaki

Choa kipya: hakuna kwa wiki tatu. Jipu moja, la paja, la kijana aliyenyoa miguu kwa wembe. Wembe wa mwilini umepigwa marufuku wiki ya mashindano. Hakulikamua, tabibu amelipasua. Aliyekuwa na vidonda vya ukoko wiki ya 1 aliambiwa aangalie mkojo na uvimbe wa uso kwa wiki chache, maana streptokoka ya ngozi, bakteria mwingine wa vidonda hivyo, inaweza kuacha shida ya figo baada ya kidonda kupona. Mkojo wa rangi ya chai au Coca-Cola, hospitali. Hakuna kilichotokea.

Vinavyobaki: pazia la wasichana ni fupi, litafutwe lingine. Mkaguzi wa pili wa kike hajapatikana, na asipokuwepo wa kwanza wasichana hawakaguliwi, hivyo hawapigani siku hiyo. Si haki kwao. Kiraka cha mshono wa kaskazini kimeanza kuinuka pembe moja. Pumba zimebaki magunia mawili. Jik chupa tatu, iliyofunguliwa itumike kwanza, na iliyo karibu na dirisha ihamishwe leo.